Feni ya Bafuni Inavuma, Lakini Hewa Inakwenda Wapi?



Mwezi huu tutazungumza juu ya kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatukukua nacho, wala mama zetu hawakutufundisha namna ya kukitunza. Ni ile feni ndogo ya bafuni, inayokaa juu ukutani au darini, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa yenye unyevu na kuitupa nje ya nyumba.

Tulipokuwa wadogo bafu lilikuwa uani. Lilikuwa na kuta, mara nyingi bila paa, na mvuke wa maji ya moto ulikwenda zake juu. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu Geita ifanywe mkoa mwaka 2012 mji wetu umekua upesi, na hapa Kalangalala nyumba nyingi mpya zina bafu na choo ndani. Hilo ni jambo jema, hasa usiku au mtoto anapoumwa. Lakini bafu la ndani lina sharti lake: hewa yake ni lazima ipate njia ya kutokea. Kama bafu liko katikati ya nyumba na halina dirisha la nje, njia hiyo ni feni peke yake. Feni ikishindwa kazi, nyumba nzima inaumia.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe.

Yaliyonipata

Ilikuwa wakati wa mvua za vuli. Niliona madoa meusi kwenye pembe ya dari ya bafu letu. Nikayafuta. Baada ya wiki yakarudi, tena makubwa zaidi. Taulo zikawa hazikauki. Nguo katika kabati la chumba cha pili zikaanza kunuka uvundo. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, akaanza kukohoa usiku. Tulimpeleka zahanati mara mbili. Alipewa dawa, akapata nafuu, kisha kikohozi kikarudi.

Baba watoto anafanya kazi mgodini kwa zamu. Aliporudi asubuhi nilimwambia kwamba nadhani feni ya bafuni imeharibika. Akabonyeza swichi, akasikiliza, akasema, "Mama watoto, feni nzima hii. Si unaisikia inavuma?" Nikanyamaza, kwa maana kweli ilikuwa inavuma.

Baadaye nilimwita fundi mmoja wa mtaani. Aliitazama akiwa amesimama chini kwa dakika moja hivi, akasema imekwisha, inatakiwa mpya. Nilitoa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya sare za shule za Januari, na feni mpya ikafungwa. Ilivuma vizuri kuliko ile ya kwanza. Lakini madoa yakaendelea, na kabla mwezi haujaisha ubao wa dari ulivimba na kuanza kudondosha matone.

Fundi wa pili alikuwa kijana aliyesomea umeme VETA. Alisalimu, "Shikamoo mama," na kabla hajafungua hata skrubu moja akaniomba kipande cha karatasi ya chooni. Akawasha feni, akafunga mlango, akaiweka karatasi kwenye kifuniko cha feni. Karatasi ikang'ang'ania pale pale.

"Inavuta, mama," akasema. "Sasa tuone inapeleka wapi."

Akapanda darini na tochi. Baada ya muda mfupi akaniita nipande ngazi nijionee. Juu ya feni hapakuwa na bomba lolote la kutoa hewa nje. Tangu siku nyumba ilipomalizika, feni ilikuwa inapuliza mvuke wa bafu ndani ya dari. Usiku bati linapopoa, mvuke ule ulikuwa unageuka maji na kudondoka juu ya mbao. Feni mpya yenye nguvu zaidi ndiyo iliyoharakisha kuziharibu.

Akaniomba nimletee ile feni ya zamani. Akaifungua, akaipiga brashi, akatoa vumbi jekundu la kujaza kiganja, akaiunganisha kwa majaribio. Ikazunguka kama kawaida. "Mama, hii haikuwa imekwisha," akasema. "Ilikuwa chafu tu. Na hata ingekuwa mpya, hewa haikuwa na mlango wa kutokea."

Sare za shule zilinunuliwa kwa mkopo mwaka ule. Ndiyo maana nakuandikia, mama mwenzangu, ili wewe usinunue kitu usichokihitaji huku tatizo lenyewe limebaki pale pale.

Kwa nini unyevu si jambo dogo

Mtu mmoja akioga maji ya moto katika bafu lililofungwa, mvuke hujaa hewani kisha huganda kwenye kuta, dari na nguo. Kama hautolewi, ukungu huota. Ukungu ni kiumbe hai. Hutoa mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani nasi tunazivuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, nao ulieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu.

Sisemi kwamba kila kikohozi cha mtoto kinatoka bafuni. Vumbi la barabara zetu na moshi wa jiko vina sehemu yake. Na kikohozi kinachoendelea kwa wiki mbili au zaidi ni lazima kipimwe hospitali, usikae nacho ukihangaika na feni. Lakini dawa ya kikohozi itafanya kazi kwa shida ikiwa mtoto analala kila usiku katika hewa yenye ukungu.

Maswali matatu kabla ya kutoa fedha

Kutokana na yale niliyojifunza, nakupa maswali matatu. Yaulize kwa mpangilio huu huu.

1. Je, inazunguka?

Washa swichi. Ikiwa iko kimya kabisa, anza na mambo mepesi. Je, uniti za LUKU zimekwisha? Je, taa ya bafuni inawaka? Je, breka imekatika kwenye boksi la meni swichi? Kama breka imekatika, irudishe mara moja tu. Ikikatika tena, iache, kwa kuwa inakuambia kuna hitilafu, na kulazimisha ni kutafuta moto. Hapo mwite fundi.

Ikiwa inavuma lakini haizunguki, zima mara moja. Mota iliyozuiwa isizunguke hupata joto kali, na feni hizi nyingi zina mwili wa plastiki. Mara nyingi sababu ni vumbi lililoshikana na unyevu, au ekseli iliyokauka. Ikiwa unasikia harufu ya kuungua, au umeona plastiki imebadilika rangi, hiyo si ya kusafisha tena. Hiyo ni ya kubadilishwa.

Ikiwa inazunguka polepole jioni tu, tazama na taa zako. Taa zikiwa hafifu wakati huo huo, basi umeme umepungua nguvu, wala kosa si la feni.

Ikiwa inapiga kelele ya kugongagonga, mara nyingi kuna skrubu iliyolegea, au mapanga yake yanagusa kifuniko.

2. Je, inavuta?

Hapa ndipo inapokuja karatasi ya chooni. Kata kipande kimoja chepesi, washa feni, funga mlango na dirisha kama lipo, kisha iweke karatasi kwenye kifuniko cha feni. Ikishikwa, feni inavuta. Ikianguka, haivuti, hata kama inavuma namna gani.

Ikianguka, fungua mlango ujaribu tena. Kama sasa inashikwa, feni yako ni nzima. Tatizo ni kwamba hewa haina pa kuingilia. Feni haiwezi kutoa hewa ikiwa hakuna hewa nyingine inayoingia kuchukua nafasi yake. Tazama chini ya mlango wa bafu. Panatakiwa uwazi wa sentimita 1 hivi. Wengi wetu huziba pale kwa kitambaa ili maji yasitoke, au mlango mpya umefungwa ukigusa sakafu. Seremala anaweza kuukata kidogo, na gharama yake ni ndogo kuliko feni mpya.

Kama karatasi inaanguka hata mlango ukiwa wazi, basi mapanga yamejaa uchafu, au bomba limeziba, au kile kifuniko cha nje kinachofunguka kwa upepo kimekwama.

3. Je, inatupa wapi?

Swali hili ndilo ambalo mimi sikuliuliza. Toka nje, zunguka nyumba, utafute mahali hewa inapotokea. Mwambie mtoto mkubwa awashe feni huku wewe umesimama nje. Unapaswa kuona vibao vya kifuniko vikifunguka, au kuhisi upepo mkononi. Usipopaona mahali hapo, fundi apande darini na tochi aangalie.

Huko juu anaweza kukuta mambo haya: hakuna bomba kabisa, kama kwangu, au bomba lipo lakini limechomoka, au limekanyagwa na mafundi wa paa, au ndege na nyigu wamejenga ndani yake. Bomba linatakiwa liwe fupi kadiri inavyowezekana, lisiwe na kona nyingi, na lilale kwa mwinamo kidogo kuelekea nje, ili maji yanayoganda ndani yake yatoke nje wala yasirudi kwenye mota.

Kusafisha ni kazi ya mama

Feni nyingi zinazoitwa mbovu zinahitaji kusafishwa tu. Hapa kwetu, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu huingia kila mahali, kisha mvuke wa bafu hulifanya kuwa tope. Safisha feni kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa njia hii:

1. Zima meni swichi ya nyumba nzima. Swichi ya feni peke yake haitoshi, kwa sababu baadhi ya feni zina waya ambao huwa na umeme wakati wote. Waambie wote walioko nyumbani, mtu asije akaiwasha kwa kudhani umeme umekatika.
2. Simama juu ya ngazi au stuli imara, miguu mikavu na viatu vya mpira. Usisimame kwenye ukingo wa sinki wala juu ya ndoo.
3. Toa kifuniko cha mbele. Kioshe kwa maji na sabuni, ukaushe kabisa juani.
4. Mapanga yapanguse kwa brashi kavu ya rangi, kisha kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Usimwagie mota maji hata tone.
5. Zungusha mapanga kwa kidole. Yanatakiwa kuzunguka kwa wepesi. Yakiwa mazito hata baada ya kusafishwa, weka tone moja la mafuta ya cherehani pale ekseli inapoingia kwenye mota. Usitumie mafuta ya kupikia. Hayo huganda na kukusanya vumbi zaidi.
6. Rudisha kifuniko, hakikisha mikono mikavu, ndipo uwashe umeme. Rudia jaribio la karatasi.

Na yale madoa ya ukungu? Sugua kwa sabuni na maji, kisha jiki iliyochanganywa na maji, mlango ukiwa wazi na watoto wakiwa nje. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ambayo huunguza mapafu. Ubao wa dari uliovimba na kulainika hausafishiki, ubadilishwe.

Ikiwa ni lazima kubadilisha

Mota iliyoungua haitengenezwi kwa faida. Kabla ya kwenda dukani, pima upana wa tundu la zamani. Feni za bafuni nyingi ni za inchi 4, yaani milimita 100, au inchi 6, yaani milimita 150. Ukinunua isiyolingana, fundi atalazimika kubomoa ukuta.

Soma maandishi kwenye boksi wala usitazame picha tu. Iwe ya volti 220 hadi 240. Tafuta alama ya IPX4 au zaidi, ambayo maana yake imekingwa dhidi ya maji yanayoruka. Halafu tazama inatoa hewa kiasi gani kwa saa. Kanuni za ujenzi za Uingereza, kwa mfano, hutaka feni ya bafuni iweze kutoa angalau lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Chukua bafu la mita 2 kwa mita 1 na nusu, lenye kimo cha mita 2 na nusu. Ujazo wake ni mita 7 na nusu. Feni ya kutoa mita 90 kwa saa itabadilisha hewa yote ya bafu hilo kila baada ya dakika 5. Hiyo inatosha kabisa.

Mwulize muuza duka pia kama feni ni ya kupita ukutani moja kwa moja au ya bomba refu. Feni ya mapanga ya kawaida husukuma vizuri kupitia ukuta, lakini huchoka kwenye bomba refu lenye kona. Kama bafu lako liko mbali na ukuta wa nje, omba ile iliyotengenezwa kwa ajili ya bomba.

Kuhusu mahali pa kuifunga, iwe juu karibu na dari, upande unaokabiliana na mlango, ili hewa inayoingia chini ya mlango ipite bafu zima kabla ya kutoka. Isiwe pale maji ya bomba la mvua yanaporukia. Swichi yake ikae nje ya bafu. Kule nje pawe na kifuniko cha vibao na wavu wa kuzuia wadudu na ndege.

Kazi ya nyaya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Hili si suala la mwanamke kuweza au kutoweza. Hata baba watoto asilifanye kwa kukisia. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na mwili wenye maji huupitisha kwa urahisi zaidi kuliko mwili mkavu. Lakini kumwachia fundi kazi si kumwachia macho. Simama umtazame. Je, amezima meni swichi? Je, ameijaribu testa yake kwanza mahali penye umeme kuhakikisha ni nzima, kabla ya kuiamini inaposema hapana umeme? Je, maungio ya waya yako ndani ya konekta na boksi, au amesokota tu na kuzungushia solotepu? Nyumba za zamani zina waya mwekundu wa moto na mweusi wa nyutro. Mpya zina wa kahawia na wa bluu. Wa kijani, au kijani na njano, ni wa arthi, nao usikatwe eti kwa sababu feni inafanya kazi bila huo.

Ukiwa naye, mwulize pia kama nyumba yako ina kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kile cha kulinda mtu hukata mkondo unaovuja wa miliampea 30, kwa muda mfupi sana. Kama una hita ya bomba la mvua na huna kifaa hicho, weka akiba yako ya kwanza hapo, hata kabla ya feni.

Usiogope uniti za LUKU

Akina mama wengi huzima feni upesi kwa kuhofia uniti. Tufanye hesabu pamoja. Feni ndogo ya bafuni hula kiasi cha wati 20. Ukiiwasha saa 1 kila siku kwa siku 30, unatumia wati 600 za saa, yaani haifiki hata uniti 1 kwa mwezi. Lakini hita ya bomba la mvua ya wati 5,000, mtu mmoja akioga kwa dakika 10 tu, anatumia uniti 0.8. Kumbe kuoga kwa baba mara moja kunakula zaidi ya feni ya mwezi mzima! Basi iache izunguke dakika 15 hadi 20 baada ya kila mtu kuoga.

Umeme ukikatika, fungua mlango wa bafu na madirisha ya chumba cha jirani. Na kama nyumba yako ina matundu ya hewa juu ya dirisha, usiyazibe kwa maboksi kwa ajili ya mbu. Weka wavu. Hewa itapita na mbu hatapita.

Mambo mawili ambayo feni haiwezi

Nisipoyasema haya, nitakuwa sijamaliza kazi yangu.

La kwanza ni jiko la mkaa. Msimu wa mvua wengine huliingiza ndani, wakasema, "Si kuna feni?" Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mtu huishiwa nguvu kabla hajajua kuna hatari. Feni ya bafuni ni ndogo mno kuiondoa. Tena inaweza kuivuta gesi hiyo kutoka jikoni ipite kwenye korido na vyumba watoto walikolala. Jiko la mkaa libaki nje.

La pili linatuhusu sana sisi wa huku kwenye dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma ili zebaki iondoke. Wengine huifanya kazi hiyo nyumbani kwa siri, na chumba chenye feni huonekana kinafaa. Mama, usikubali. Mvuke wa zebaki hauishii kwenye feni. Hunasa kwenye kuta, dari, taulo na nguo, kisha huendelea kutoka polepole kwa muda mrefu. Huingia mwilini kwa kupumua, hudhuru ubongo na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima afya za watu Rwamagasa, katika Geita yetu hii hii, wakakuta dalili za sumu hiyo kwa wachomaji wa dhahabu. Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki duniani, uliopitishwa mwaka 2013, unataja wazi uchomaji katika makazi ya watu kuwa jambo la kukomeshwa.

Najua si rahisi kumwambia mume jambo hili wakati mkate wa nyumba unatoka huko. Mwambie kwa upole, wakati ametulia, wala si mbele ya wenzake. Mwambie kwamba hukatai kazi yake, bali unakataa sumu isiingie mahali wanapoogea watoto. Mwanaume anayeamka alfajiri kwenda kuwatafutia wanawe atalisikia neno hilo, hata kama si siku ile ile.

Na kwetu je?

Fundi yule kijana alitoboa ukuta wa nje, akapitisha bomba lenye mwinamo, akaweka kifuniko na wavu, akaifunga ile feni ya zamani iliyosafishwa. Ile mpya tuliipeleka kwenye bafu la wageni. Tulibadilisha ubao wa dari. Baada ya wiki chache taulo zilianza kukauka, na ile harufu kabatini ikaisha. Mtoto alipimwa kifua na kuonekana salama, na usiku akaanza kulala bila kushtuka kwa kikohozi.

Siku hizi baba watoto akirudi zamu na kuoga, hutoka bafuni akiniambia, "Mama watoto, nimejaribu na karatasi. Inavuta." Nami humjibu, "Na nje umeangalia?"

Basi, mama mpendwa, leo kabla ya watoto kuoga jioni, chukua kipande kimoja cha karatasi. Uliza maswali yako matatu: inazunguka, inavuta, inatupa wapi? Ukipata majibu hayo ndipo ufungue mkoba wako.

Mwezi ujao tutaangalia namna ya kusafisha tangi la maji ya mvua. Mpaka hapo, nakutakia nyumba kavu na usingizi mwema.